Mlango wa Ubavuni

Mashahidi wanne walihojiwa katika vyumba vinne, na wote wanne wakatoa sentensi moja.

"Alishuka mwenyewe kwenda haja ndogo."

Inspekta aliyasoma maelezo yao akiwa amesimama, kisha akampa Sajini ayasome naye. Sajini alikuwa mtu mnene, mpole, mpenda kesi zilizokwisha. Aliyasoma chapuchapu.

"Yanakubaliana, afande."

"Yanakubaliana mno. Mkandarasi kasema 'haja ndogo'. Mkewe, 'haja ndogo'. Mdogo wake, yule Mwalimu, 'haja ndogo'. Haya, na mama yao?"

"'Haja ndogo.'"

"Juzi nilipompokea huyo mama hapa kituoni aliniuliza, 'Mwanangu, hapa kwenu mnajisitiria wapi?' Sasa mtu wa kusema kujisitiri ataisema haja ndogo kama karani wa zahanati? Labda akaririshwe."

Sajini alikuna kidevu. "Au aliwasikia wenzake tu."

"Sikatai. Lakini wangekuwa wanazungumzia kibofu cha marehemu kwa sababu gani?"

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Juzi, familia moja ilikodi gari la kutembeza wageni, iende kutazama wanyama hifadhini na kurudi siku hiyohiyo. Walikuwa wanne: Mkandarasi wa majengo, ambaye safari ilikuwa zawadi yake kwa mama yake; mkewe; mdogo wake aliyekuwa Mwalimu wa sekondari; na mama mwenyewe, aliyeitwa Bi Mkubwa na nyumba nzima na ambaye, kwa maneno ya Mkandarasi, tembo alikuwa akimwona kwenye kalenda tu. Waliowapeleka walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Dereva. Mwingine alikuwa mwongoza wageni, aliyepewa jina la Jicho kwa kuwa alikuwa akiuona mkia wa chui wakati wageni bado wanautafuta mti. Alasiri, kando ya bwawa, tembo jike mwenye mtoto alimwua Jicho. Gari lilikuwa limeshaondoka bila yeye.

Kampuni ilisema Jicho alivunja kanuni kwa kushuka na Dereva alivunja kanuni kwa kumwacha. Mmoja alikuwa mochwari, wa pili mahabusu, na wageni walikuwa hotelini wakisubiri ruhusa ya kurudi kwao. Mkuu wa Kituo aliona jalada limekaa sawa.

"Wanne dhidi ya mmoja," alisema. "Unataka nini tena?"

Huyo mmoja, Dereva, alikuwa na mambo mawili tu ya kusema. La kwanza, kwamba kuna mgeni aliyeshuka kabla ya Jicho. Yupi, hakumwona vizuri. Waliosimama walimziba, na yeye macho yake yalikuwa kwa tembo. La pili, kwamba aliondoa gari baada ya kusikia mlango ukifungwa. Akiulizwa zaidi ya hapo alitazama sakafu.

Nje ya kituo, kwenye benchi la ukutani, aliketi mwanamke ambaye kesi hii ilimshika pande zote mbili. Jicho alikuwa mume wake. Dereva alikuwa kaka yake, tumbo moja. Inspekta alitoka akaketi kando yake.

"Mwili utapewa lini ruhusa?" mwanamke aliuliza.

"Jalada likifungwa."

"Wameniambia alishuka kukojoa."

"Ndivyo wanavyosema."

"Mume wangu alikuwa akirudi kazini hasalimii mtu. Anapita kama moshi, moja kwa moja chooni, ndiyo anarudi kuniuliza habari za mchana. Watoto walikuwa wakimcheka. Alikuwa akisema, 'Porini hakuna choo, kuna midomo.' Alikuwa anabana, afande, kutwa nzima. Mimi sijui sheria. Nataka kujua kilichomshusha. Mengine ni yenu."

"Na kaka yako? Umemwona?"

"Chakula nampelekea," alisema mwanamke. "Maneno sina."

*

Simu za wageni zilikuwa zimechukuliwa tangu siku ya kwanza. Tatu hazikuwa na kitu. Ya Mwalimu, ambayo ndiyo iliyokuwa na kamera nzuri, ilikuwa imejaa twiga, pundamilia, na nyani wa getini aliyempora mke wa Mkandarasi ndizi. Picha ya mwisho ilikuwa ya tembo mwenyewe, masikio yametanuka, mtoto amejificha nyuma ya mguu wake.

"Picha safi," alisema Sajini. "Ningeitundika sebuleni."

"Nyasi ziko wapi?"

Sajini aliikaribisha simu usoni. "Zimefika hapa. Kwenye magoti ya tembo."

"Zimeyaziba magoti ya tembo. Sasa tazama hizi za twiga. Walizipiga wamesimama ndani ya gari, paa limeinuliwa, kichwa nje. Nyasi ziko chini kama zulia, unaona mpaka kwato. Hii ya mwisho mpigaji anatazama kupitia kwenye nyasi."

"Alipigia dirishani."

"Fremu ya dirisha ingekuwa wapi? Na dirisha la gari lile liko juu ya kiuno changu. Huyu alikuwa chini, Sajini. Alichuchumaa."

Sajini akaonyesha kwa kidole sehemu ya chini ya picha. Kulikuwa na kitu cheusi juu ya nyasi, duara lililobinywa, kama sahani. "Na hiki?"

"Sikijui bado."

Kwa kuwa simu ilikuwa ya Mwalimu, walianza na Mwalimu. Walimkuta hotelini, chumba cha juu. Kwenye kibaraza chake kulikuwa na jozi moja ya viatu vya raba vimeanikwa, vimesuguliwa mpaka vimepauka. Inspekta alivitazama kwanza, kisha akamtazama mwenye navyo.

"Umevifua mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hoteli ina dobi."

"Niliona aibu kumpa."

"Matope ya bwawa si aibu, Mwalimu."

"Hayakuwa matope." Mwalimu alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya kufundishia. "Nilitapika. Mle ndani ya gari. Baada ya kuona."

"Kuona nini? Umeandikisha kwamba ulikuwa unatazama upande wa pili."

Chini, mtu alikuwa anafagia ua.

"Nani alikuwa na simu yako?"

"Simu ni yangu."

"Sijauliza ya nani. Nimeuliza alikuwa nayo nani."

Mlango ulifunguliwa bila hodi, akaingia Mkandarasi, kifua mbele, kofia ya majani yenye ukingo mpana mkononi. Aliuliza kama mdogo wake ni mtuhumiwa. Aliambiwa bado. Aliuliza basi ni nini hiki, watu wamefiwa na mwongozaji wao mbele ya macho yao, mama yao ana presha, na polisi wanawafuata mpaka vyumbani. Aliyasema haya yote bila kuvuta pumzi.

"Kesho tutarudi bwawani," alisema Inspekta. "Gari lilelile, saa ileile. Mtakaa mlivyokaa. Ni utaratibu tu, baada ya hapo hamtanisikia tena."

"Na tukikataa?"

"Hamlazimishwi. Nitaandika kwamba mmekataa."

Mwalimu alimtazama kaka yake. Kaka yake aliitazama kofia yake.

"Tutakuja," alisema Mkandarasi.

*

Gari lilikuwa na paa la kuinuka, viti vya safu, na mlango mmoja tu wa abiria, wa kusukuma, ubavuni kushoto. Kiti cha mbele kando ya dereva kilikuwa kimekaliwa na sanduku la barafu na maboksi ya chakula cha mchana, kama siku ile. Ndiyo sababu Jicho alikuwa amekaa nyuma na wageni. Kampuni ilileta dereva mwingine, mtu wa maneno machache. Askari wa hifadhi aliwafuata na gari lake, bunduki kati ya magoti.

Kila mmoja alikaa pake. Mkandarasi safu ya kwanza. Mkewe na Mwalimu safu ya kati. Bi Mkubwa alikaa peke yake mlangoni, kwenye kile kiti kinachogusana na mlango, kwa sababu magoti yake hayakutaka safari ya kupita kati ya viti. Alikuwa mama mdogo wa umbo, amejifunika khanga mabegani, kidole cha kati cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji. Sajini alipewa nafasi ya Jicho.

"Kazi nzuri umenipa," alimnong'oneza Inspekta. "Mwenyewe yuko mochwari."

Walipita getini. Nyani walikuwa wameketi juu ya ukuta kama wajumbe wa kamati, wakikagua mizigo ya kila gari. Baada ya hapo barabara ilikuwa ya vumbi jekundu na miti mifupi. Twiga watatu walisimama wakawatazama mpaka wakapita. Swala waliinua vichwa, wakavirudisha. Siku nyingine yoyote ingekuwa matembezi mazuri. Hakuna aliyenyoosha kidole, hakuna aliyesema "tazama". Mke wa Mkandarasi alikuwa ameikunja leso yake mpaka imekuwa kama kidonge.

Bwawani hapakuwa na tembo. Askari wa hifadhi alikagua kwanza kwa darubini, akazunguka kwa miguu, kisha akainua mkono. Gari lilisimama mahali palepale. Alama ya magurudumu yaliyozunguka kwa kasi ilikuwa bado imechimba ardhi.

"Jicho aliangukia wapi?" aliuliza Inspekta.

Askari alimwonyesha. Ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, upande wa bwawa.

"Na tembo alikuwa wapi?"

"Kulekule bwawani, afande. Alitokea mbele yake."

Inspekta aligeuka kuwatazama waliokuwa garini. Alipaza sauti kidogo ili wote wasikie.

"Mimi nikibanwa na haja, na hapo mbele kuna tembo mwenye mtoto, nitakwenda nyuma ya gari. Gari liwe kati yangu na yeye. Nyinyi mnasema mtu aliyefanya kazi hii nusu ya maisha yake alimfuata tembo ili akakojoe mbele yake."

Kutoka ndani ya gari ilisikika sauti ya Sajini akikohoa.

Inspekta alitoa simu ya Mwalimu, akaifungua ile picha ya mwisho. Alitembea kwenye nyasi akiutafuta mti uliokuwa nyuma ya tembo, akaupata, akarudi kinyumenyume mpaka mti na ukingo wa bwawa vikakaa kama vilivyokaa pichani. Akachuchumaa. Jua lilikuwa nyuma yake. Mbele yake, juu ya nyasi, kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimelala, mabega na kichwa. Alikitazama kwa muda, kisha akasimama.

"Mwalimu, siku ile ulivaa kofia?"

"Mimi sivai kofia. Nasikia joto."

"Jicho alivaa?"

"Kapelo ya kampuni," alisema askari wa hifadhi. "Tuliiokota."

"Kapelo haina ukingo wa kuzunguka." Inspekta alikwenda mpaka chini ya dirisha la safu ya kwanza. "Mzee, shuka kidogo. Usiivue hiyo kofia."

Mkandarasi alishuka. Aliongozwa mpaka pale, akaombwa achuchumae, akachuchumaa kwa shida, mtu mzima mwenye kitambi. Kivuli chake kililala mbele yake juu ya nyasi: mabega, na juu ya mabega duara jeusi lililobinywa, kama sahani. Inspekta alimshushia simu usoni. Ikabidi aitazame.

Kisha mikono yake ikagusa ardhi, akaketi kabisa kwenye nyasi.

"Nilitaka kumpigia Mama picha nzuri," alisema. "Kutoka juu tembo alikuwa anaonekana mgongo tu. Jicho alikuwa anawaonyesha wenzangu ndege, upande ule. Nikausukuma mlango polepole. Nilisema ni sekunde tu."

"Kisha?"

"Akaniona. Hakupiga kelele. Alishuka akanifuata, akaniambia, 'Mzee, usikimbie, usimpe mgongo, njoo nyuma taratibu.' Alijiweka mbele yangu. Akaniambia nirudi, nikarudi. Mtoto wa tembo akalia. Hapo mimi..." Alijifuta uso kwa kofia. "Hapo mimi nikampa mgongo. Nikakimbia."

"Na maneno ya haja ndogo?"

"Yangu. Tuliporudi hapa bwawani. Niliwaambia wote tuseme hivyo. Dereva hakutusikia, alikuwa nje na yule... na marehemu."

Sajini alikuwa ameshatoa kalamu. Kwa upande wake kesi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa imekwisha vizuri. Lakini Inspekta alikuwa anautazama mlango wa gari.

"Ulipoingia, ulifunga mlango?"

"Hapana."

"Fikiri vizuri."

"Sikufunga, afande. Niliingia kifudifudi, nikaanguka kati ya viti, uso sakafuni. Nilisikia tu umefungwa, na gari likaondoka. Nilidhani kafunga Jicho."

"Angekuwa kaufunga kwa ndani, angekuwa hai."

Aliwarudisha wote mahali pao na kuwataka wafanye kama siku ile. Mke wa Mkandarasi na Mwalimu walisimama juu ya viti vyao, vichwa na mikono nje ya paa. Kutoka pale, hata wangeinama, mlango ulikuwa mbali na mikono yao. Mkandarasi alilala sakafuni, tumbo limebanwa kati ya viti, miguu ameikunja. Sajini alishuka akasimama nje.

"Funga kutoka nje," aliamriwa.

Sajini alivuta. Mlango uliteleza nusu ukakwama.

"Lazima uunyanyue kwanza," alisema dereva wa siku hiyo bila kugeuka. "Reli imepinda. Ukiwa ndani ni rahisi zaidi, unaukokota kwa nguvu zote unakwenda mara moja. Lakini angalieni vidole. Mlango huu umeshakula vidole vya watu."

Ndani ya gari kila mtu alisikia. Mwalimu, akiwa bado amesimama, alifumba macho.

Inspekta hakuutazama mkono wa Bi Mkubwa. Alipanda, akaketi kwenye ukingo wa kiti kilichokuwa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama, kidole kinaendeleaje?"

"Kinaendelea, mwanangu."

"Muuguzi wa hoteli alisema ulikibana kwenye mlango wa bafu."

"Nilimwambia hivyo."

"Afande," alisema Mkandarasi kutoka sakafuni, akijaribu kuinuka, "mama yangu ana presha, hajui anachosema, naomba—"

"Nyamaza," alisema Bi Mkubwa. Hakupandisha sauti. "Mlango nilikufungia wewe. Mdomo usinifungie mimi."

Mkandarasi alibaki amepiga magoti kati ya viti.

"Nilimwona mwanangu akiingia," Bi Mkubwa alimwambia Inspekta. "Kaniangukia miguuni kama gunia. Nikatazama nje, nikamwona yule mnyama anakuja. Nilikuwa sijui kama mwili ule unaweza kukimbia vile. Nikamwona na yule kijana. Mkono wangu ulikuwa kwenye mlango."

"Alikuwa mbali?"

"Hakuwa mbali. Alikuwa amenyoosha mkono."

"Alikuwa anakimbilia mlango?"

"Alikuwa anakimbilia mlango."

Mke wa Mkandarasi alishuka taratibu kutoka juu ya kiti, akakaa, akageuza uso dirishani.

"Angewahi, Mama?"

"Sijui. Na wewe hujui. Mwanangu alikuwa ndani, mlango uko wazi, na kile kitu kinakuja. Sikupima. Niliuvuta." Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Aliugusa. Nilisikia kucha zake kwenye bati. Kisha gari likaondoka, na hawa wakaanza kulia, na mimi sikulia. Huyu akasema tuseme yule kijana alishuka kukojoa, nikasema. Unaniuliza mengine?"

"Hapana."

"Basi andika."

Inspekta aliandika yeye mwenyewe, palepale, kalamu ikirukaruka juu ya goti. Alimsomea. Bi Mkubwa aliomba neno moja libadilishwe: palipoandikwa "kwa hofu" alitaka pabaki bila neno. Palifutwa. Kisha akaweka dole gumba.

*

Mkuu wa Kituo aliyasikiliza yote akizungusha kikombe cha chai. Alisema mama wa miaka ile hakuna hakimu atakayemfunga, na pengine hakuna kosa la kumshitaki nalo. Kuwaficha polisi ukweli, hilo lipo, na hilo ni la mwanawe, pamoja na kushuka garini. Mwendesha mashtaka ataamua.

"Na Dereva?" aliuliza Inspekta.

"Alisikia mlango, akaondoka. Kasema kweli tangu mwanzo. Mwachie."

Kabla ya kwenda mahabusu, Inspekta alipita kwenye benchi la nje. Alimweleza mke wa Jicho kwa maneno machache kilichomshusha mume wake: mgeni alikuwa ameshuka, na yeye alishuka kumrudisha, na akamrudisha. Alimweleza pia nani alifunga mlango. Mwanamke alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye lile la mlango hakusema kitu. Kwenye lile la kwanza aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeambiwa jambo analolijua.

Dereva aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa kijana wa mabega mapana, amevaa fulana ya mahabusu iliyombana. Inspekta alimsomea alichokisema Mkandarasi, kisha alichokisema Bi Mkubwa. Akamwambia yuko huru, asaini tu hapa.

Dereva hakuichukua kalamu.

"Kwa hiyo ulisema kweli," Inspekta alimwambia. "Ulisikia mlango, ukaondoka."

"Nilisikia mlango."

"Basi."

"Si basi, afande." Alikuwa anaitazama karatasi, si kuisoma. "Mimi na shemeji tulikuwa na ishara. Yeye ndiye wa mwisho kuingia siku zote. Akishafunga mlango anapiga bati kwa kiganja, mara mbili. Hapo ndipo naondoka. Hata tukiwa mjini, hata tukiwa kituo cha petroli. Kiganja kikilia, najua wote wamo."

Inspekta aliichukua tena kalamu.

"Siku ile mlango niliusikia. Kiganja sikukisikia. Nikaondoka."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Nje, gari la polisi liliwashwa, likazimwa, likawashwa tena.

"Hilo halimo kwenye maelezo yako," alisema Inspekta.

"Halimo."

"Sheria haijui habari ya viganja. Sina pa kuliweka."

"Liandike popote."

Inspekta aliirudisha karatasi upande wake, akaongeza mistari chini, akaandika hivyohivyo alivyosema, bila kupamba. Dereva alisaini. Aliirudisha kalamu akiishika kwa ncha za vidole viwili, kama kitu cha moto.

"Dada yupo nje?"

"Yupo."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia kilichomshusha mume wake, na nani alifunga mlango. Hili la kiganja si langu kulisema."

Dereva akasimama. Alipewa vitu vyake kaunta, mkanda, simu na funguo; shati hakuwa nalo, alipokamatwa alikuwa kifua wazi. Akatoka na ile fulana.

Inspekta alirudi ofisini kwake. Dirisha lilikuwa linatazama benchi, na lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Hakwenda kulifunga. Aliketi akaanza kupanga jalada: picha, ramani ya bwawa, maelezo ya mashahidi kwa mfuatano wao. Alimsikia Dereva akizungumza nje kwa sauti ya chini, kwa muda, bila kukatizwa. Maneno hayakumfikia yote. Yalipokwisha pakawa kimya, na kimya kikawa kirefu, hata Sajini akainua kichwa kutoka mezani kwake.

Kisha sauti ya mwanamke.

"Ulirudi?"

"Nilirudi. Wageni walinikataza, nikageuza gari."

"Ulimkuta vipi?"

"Alikuwa ameshakwisha, dada."

"Ulimfunika?"

"Nilimfunika. Kwa shati langu."

Benchi likalia, mtu mmoja akainuka.

"Basi simama," alisema mwanamke. "Twende tukamzike."